Punje Isiyotafunwa

Nina pua mbaya. Haisahau na haijui kunyamaza. Nikiingia nyumba ya mtu najua walichokula jana, najua kama mafuta ya taa yalimwagika sakafuni mwezi uliopita, na mara nyingi nayasema kabla sijakaribishwa kiti. Marehemu mama alikuwa akiniambia pua hii itanikosesha mume. Mume nilimpata, ingawa baadaye sana. Ila pua hiyohiyo ndiyo iliyonipatia kazi, na ndiyo iliyonipeleka ofisi ya serikali kushtaki.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuonja kahawa. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma, serikali ikawaachia wafanyabiashara wasafirishe kahawa wenyewe, na kule upande wa viwanda, chini ya kilima cha Mbuya, kila ghala lililokuwa likilaliwa na popo likajaa magunia. Niliingia kampuni moja kama karani wa kuandika namba za magunia. Mwonjaji mkuu alikuwa mzee Mkenya, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa jepesi. Siku moja alinikuta nimesimama mbele ya gunia nimekunja uso. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia gunia hili limelala karibu na samaki. Akacheka, akalitoboa, akanusa, akaacha kucheka. Kesho yake nilikuwa ndani ya chumba chake.

Chumba kile nakiota mpaka leo. Kilikuwa kirefu, na dirisha lake lilitazama upande ambao jua haliingii moja kwa moja, kwa hiyo mchana kutwa kulikuwa na mwanga mmoja tu, mweupe na mtulivu, mtu asijue ni saa nne au saa tisa. Katikati palikuwa na meza ya duara inayozunguka. Juu ya meza vikombe vyeupe, kila kimoja na kahawa yake iliyosagwa. Unamimina maji ya moto, unangoja, unga unaelea juu na kufanya gamba. Kisha unashika kijiko, unainama mpaka pua iguse mvuke, unalivunja gamba. Hapo ndipo kahawa inasema kila kitu. Halafu unachota, unavuta kwa mdomo kwa kishindo, unazungusha ulimini, unatema kwenye ndoo. Mzee alivuta kwa sauti kama ya shuka linalochanwa. Mimi mwanzoni niliona haya kuvuta mbele ya mwanamume. Baadaye nilimshinda.

Ilipoingia Ramadhani yangu ya kwanza katika chumba kile nilikwenda kumuuliza sheikh. Akaniambia anayeonja kwa sababu ya kazi, akatema, kisipite kitu kooni, saumu yake iko salama. Nikarudi nyumbani Kyebando na furaha yangu. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sheikh hana koo lako." Basi, maneno yakaishia hapo. Sisi ni watu wa pwani kwa asili, babu wa babu alikuja huku na biashara akabaki, na katika nyumba yetu fatwa hupita kwa sheikh kwanza, kisha hupita kwa mama.

Nilipomweleza Mzee, alifikiri kidogo akasema, "Ulimi wako ufunge, binti. Pua haifungi." Tukafanya hivyo miaka yote tuliyokuwa pamoja. Mwezi wa Ramadhani mimi navunja gamba, nanusa, naandika nilichokiona, yeye anaonja bila kuangalia karatasi yangu, mwisho tunalinganisha. Hatukupishana sana. Na niseme ukweli, sijawahi kuwa na pua kama ile ya alasiri ya saumu. Mwili umekuwa mwepesi, kichwa kinaelea, na kila kikombe kinafunguka mbele yangu kama mlango. Naona mkeka uliosahauliwa nje mvua ikaunyeshea. Naona kuku wanapita juu ya kahawa inayoanikwa chini kwenye udongo. Kikombe kimoja kilinionyesha jiko la kuni na mwanamke anayepuliza moto, magunia yakiwa nyuma yake, na Mzee alipoonja aliandika neno moja, moshi.

Lakini kuna jambo ambalo sikumwambia Mzee, na wanawake wenzangu wameshalijua kabla sijalisema. Katika mwezi wa Ramadhani mwanamke ana siku zake ambazo hafungi, na huzilipa baadaye. Kwetu jambo hilo halionekani. Huli mbele za watu. Unakunywa maji nyuma ya mlango, unafuta mdomo, unarudi sebuleni na uso wa saumu, na magharibi unashika tende pamoja na wenzako. Mama aliishi hivyo, na mama yake. Mimi niliichukua desturi ile ya nyuma ya mlango nikaiingiza kwenye chumba cha vikombe. Siku sita au saba za kila Ramadhani nilikuwa na ruhusa kamili ya kushika kijiko nikaonja, nami sikukishika, maana nikionja leo nikaacha kesho, wanaume wengine wa chumba kile watahesabu siku zangu kwa vidole. Kwa hiyo kila mtu pale alijua kwamba kwa siku thelathini mimi sionji. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha.

Mzee akastaafu, akarudi kwao. Akaja mwonjaji mkuu mpya, kijana wa tai na viatu vya kumetameta, ambaye alikuwa akijipaka manukato asubuhi kabla ya kuingia chumba cha kuonja. Manukato! Nilimchukia tangu siku ile, na sina haja ya kujifanya mwema. Siku ya pili ya Ramadhani alinipa barua. Ilisema kwamba kwa kuwa dini ya mfanyakazi huyu inamzuia kuonja kwa siku thelathini mfululizo, anahamishiwa ukumbi wa kuchambua. Nikameza uchungu. Nikafikiri ni ya mwezi mmoja. Siku ya pili baada ya Idi nilivaa koti langu jeupe nikaenda kwenye meza, nikakuta kiti changu kimekaliwa na mwanamume niliyemfundisha mimi mwenyewe namna ya kushika kijiko. Hakuniangalia. Nikaambiwa nirudi ukumbini, nibaki huko.

Ukumbini wanawake tulikaa mistari miwili, mkanda unapita katikati na kahawa juu yake, nasi tunaokota punje nyeusi na zilizovunjika. Wenzangu walikuwa watu wazuri, na wangali wanafanya kazi ngumu kuliko ile ya vikombe. Lakini vumbi! Lilikuwa linashuka polepole kutwa nzima, la rangi ya dhahabu pale mwanga ulipoingia, zuri kulitazama, na lilikuwa linaniua. Pua yangu ikaanza kuziba. Mwezi wa kwanza nilipoteza harufu ndogondogo, ya maji, ya karatasi. Mwezi wa pili nikawa siwezi kujua mchuzi umeiva mpaka nionje. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa wakati wa vita. Wakati wa vita nilijua nikifa nitakufa nikiwa mimi.

Siku moja nilipita Kalerwe jioni, katikati ya soko, pale ambapo mananasi yaliyopasuka na dagaa wa kukaushwa na matope ya barabara vinagombana mpaka mtu wa kawaida anaziba pua. Nikasimama. Hakikuja kitu. Niliona mananasi, niliona dagaa, watu wananisukuma na mizigo yao, na hewa ilikuwa tupu kana kwamba natazama picha. Nililia palepale. Mwuza nyanya mmoja akanipa kiti akidhani nimefiwa.

Nyumbani nikamwambia mama ninakwenda kushtaki. Mama alikuwa akichambua mchele. Akasema, "Mwanangu, ukiona neno, usiposema neno, hutapatikana na neno."

"Mama," nikamjibu, "mimi nimeshapatikana."

Hakufurahi. Alisema wenye haya hawapeleki saumu yao serikalini ikapigwe mhuri. Nami, kwa hasira niliyokuwa nayo, nilitoka bila kumuaga.

Mjini, kwenye baraza moja karibu na ofisi za serikali, palikuwa na mpiga taipu Mkenya aliyekuwa akiwaandikia watu barua za kila namna, kuanzia kuomba kazi mpaka kuvunja uchumba. Nilimsimulia yote. Akasikiliza na vidole vyake vikiwa juu ya mashine. Katiba mpya ilikuwa imetoka, na yeye alikuwa amekwisha kusoma sehemu inayomfaa kibiashara.

"Sasa dada, tuandike wamekubagua kwa nini? Dini pekee? Ama pia juu wewe ni mwanamke?"

"Andika dini," nikasema. "Hayo mengine hayaandikiki."

Aliniangalia kidogo, akaandika dini.

Afisa wa kazi aliyepokea malalamiko yangu alikuwa Mganda wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alisoma barua mara mbili, akaigonga mhuri, akaiweka juu ya rundo la barua nyingine. "Nyabo," akasema kwa upole, kama mtu anavyomwambia bibi wa heshima, "utangoja."

Nikangoja. Mvua za masika zikaja zikaondoka. Kila baada ya wiki mbili naomba ruhusa ukumbini, napanda ngazi zile, naulizia faili, naambiwa liko mezani. Wenzangu waliacha kuniuliza. Mle ukumbini nilikuwa naokota punje huku mawazo yamekwenda, mikono inajua kazi yake, na mara nyingine nikawa nasikia shuka linachanwa, nikageuka kumtafuta Mzee.

Mwezi wa Shaabani ulipoingia nilianza kulipa siku zangu za Ramadhani iliyopita. Wanawake wengi ndivyo tulivyo, tunaziahirisha mwaka mzima, Shaabani ikifika tunakimbizana nazo. Siku ya tatu ya kulipa, saa tisa alasiri, siku yangu ya mapumziko, meneja wa wafanyakazi wa kampuni alibisha hodi Kyebando. Alikuwa mtu mzima, Mganda mwenye adabu zake. Alivua viatu mlangoni, akauliza hali ya kila mtu wa nyumba, akakaa. Mama alikuwa uani.

"Nyabo, hii maneno imekuwa mlefu," akasema. "Bosi hana mbaya na wewe. Wewe toa ile bbaluwa kule kwa serikali, sisi tunakulejesha kuandika namba za magunia. Ofisi safi, vumbi hakuna. Ile meza tu, mwattu, tuache."

Ule msisitizo wake, mwattu, huwezi kuukasirikia. Ni kama mtu amekushika mkono kwa mikono miwili. Nami nilikuwa nimechoka. Ofisi bila vumbi. Nilifumba macho nikaiona.

Akatoa mfukoni kifurushi cha jani kavu la mgomba. Nilijua kilichomo kabla hajakifungua, ingawa pua yangu haikuniambia. Ilikuwa mwanyi, kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa mbichi na majani ya dawa kisha ikakaushwa. Huku kwetu mgeni hupewa hiyo kabla ya maneno, na waliogombana wakigawana tunda moja la kahawa na kulitafuna, ugomvi umezikwa. Anayeufukua baada ya hapo hana watu. Alichagua tunda moja, akalipasua kwa kucha. Ndani mna punje mbili zimelala zimetazamana. Moja akaitia mdomoni, akaanza kuitafuna huku ananiangalia. Nyingine akaniwekea kiganjani.

Ningeweza kusema nimefunga. Lakini Ramadhani ilikuwa bado. Angeuliza ninafunga nini, na mimi sikuwa tayari kumweleza mwanamume aliyeacha viatu mlangoni kwangu hesabu za mwili wangu. Kwa hiyo nikafanya tulichofundishwa kufanya. Nilifunga kiganja, nikasema, "Asante, ssebo," yaani bwana, nikainamisha kichwa. Yeye akaridhika. Alipotoka kwenda kuvaa viatu nilifundika punje kwenye pembe ya leso yangu.

Watu wakisimulia kisa hiki wananifanya shujaa. Si kweli. Kama angekuja baada ya magharibi ningeitafuna palepale, na kesho yake ningekwenda kulitoa faili. Nilikwisha kukubali moyoni. Nilikuwa nangoja adhana tu.

Adhana ikalia. Nikala tende, nikanywa maji, nikaswali. Kisha nikaketi kwenye mkeka, nikafundua leso ili nimalize jambo lile. Na kwa mazoea tu, kwa ujinga wa miaka, kabla ya kuipeleka mdomoni nikaipitisha puani.

Ikaja. Kwanza jani la mgomba, kavu, mbali. Kisha sufuria, tena sufuria ambayo kabla ya kahawa ilipikiwa maharage yakaungua. Kisha majani ya dawa yaliyochumwa na umande. Nyuma ya hayo yote, nyembamba kabisa, mvua. Ilikuwa pua yangu. Ilikuwa hai, imejificha tu, saumu ya siku ile imeitoa nje kama ilivyokuwa ikiitoa zamani. Nililia kwa mara ya pili mwaka ule, na mama akaja mlangoni akaniona, akarudi zake. Punje nikaifundika tena. Nilikuwa nataka meza yangu.

Wiki mbili baadaye tuliitwa ofisi ya kazi. Mama alisema atanisindikiza, nadhani ili anichunge nisiseme sana. Upande wa pili walikaa mwonjaji mkuu na manukato yake na meneja wa wafanyakazi. Kwenye kona karani mwanamke alikuwa akipiga taipu. Afisa alirekebisha miwani yake akasoma barua ya kampuni: kwamba pande mbili zimekwisha kupatana nyumbani kwa mlalamikaji, kwa desturi, kwa kutafuna mwanyi, na kwa hiyo faili lifungwe.

Akaiweka chini. Niliona uso wake umebadilika. Kwa mtu wa kwao lile lilikuwa zito kuliko sahihi.

"Nyabo, ni kweli? Mulitafuna?"

"Mimi mwenyewe nilipasua," meneja akasema. "Haki ya Mungu."

Nilifundua pembe ya leso, nikasimama, nikaiweka punje juu ya meza yake. Aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na alama ya jino.

"Mwanyi mzima," akasema polepole. "Basi na maneno bado mzima." Meneja aliinamisha kichwa, na nilimhurumia kwa kweli, kwa sababu hakudanganya. Aliona alichotaka kuona. "Lakini kwa nini hukutafuna? Uliizarau?"

"Nilikuwa nimefunga."

"Kufunga bado, nyabo. Hata mwezi bado kuonekana."

"Nilikuwa nalipa siku za Ramadhani zilizonipita."

"Kwa nini zilikupita? Ulikuwa mgonjwa?"

Aliuliza kwa wema kabisa. Taipu ya kona ikanyamaza. Nilimtazama mama, naye alikuwa anatazama mikono yake. Nikaona nyuma ya mlango, bilauri ya maji, miaka yote ile.

"Sikuwa mgonjwa, bwana. Mimi ni mwanamke. Kila Ramadhani kuna siku sita au saba sifungi, na siku hizo ningeweza kuonja vikombe vyote mezani. Barua yao inasema siku thelathini mfululizo. Hawakuniuliza. Nami niliona haya kusema."

Mwonjaji mkuu akawa anatafuta kitu kwenye karatasi zake. Afisa alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. "Na hii," akauliza, "hii nayo niandike?"

Kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti ya mama, ile aliyokuwa akinisahihishia Kurani utotoni.

"Andika, bwana. Andika hivyo hivyo alivyosema."

Akaandika. Kisha akaitia punje ndani ya bahasha ndogo, akaibana kwenye faili kwa pini. Sijui kama iko huko mpaka leo, labda panya waliimaliza. Tulirudi pamoja mpaka tukafika Kyebando. Pale njiapanda mama akasema, "Umenitia aibu," akanishika mkono, na hakuuachia mpaka mlangoni.

Barua ya kunirudisha mezani ilitoka Shawwali, Ramadhani ilipokwisha. Kiti nilikikuta kimefutwa vumbi. Pua ilichukua miezi kurudi yote, na harufu ya maji haikurudi kabisa. Mwonjaji mkuu na mimi hatukupendana, tulifanya kazi, na hata yale manukato aliyaacha bila kuambiwa.

Ramadhani iliyofuata nilivunja magamba na kunusa kama zamani, na yule niliyemfundisha kijiko akaonja. Siku ya kumi na mbili niliamka na ruhusa. Niliingia chumbani saa nne, mwanga mmoja mweupe mezani, wanaume watatu wamesimama. Nikachukua kijiko. Nikavuta kikombe cha kwanza kwa kishindo, mchana wa Ramadhani, mbele yao, nikatema. Mmoja akainua kichwa, akakiinamisha. Nikavuta cha pili, meza ikazunguka, cha tatu. Cha nne kilikuwa na ladha ya ukungu, nikaandika hivyo.